Tumaini Wakati wa Dhiki: Kutoka Gitega Hadi Muyinga

Mapema mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Burundi ilifukua makaburi sita ya halaiki katika eneo la Karusi, karibu na mto Ruvubu, kwenye njia inayotoka Gitega kwenda Muyinga. Humo ilitolewa mifupa ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa hiyo zilipatikana nguo, miwani na rozari. Mwenyekiti wa Tume alieleza kwamba vitu hivyo vilisaidia kuwatambua baadhi ya marehemu, nao walikuwa watu waliouawa mwaka 1972.

Miwani humtambulisha mtu aliyezoea kusoma: mwalimu, karani, mwanafunzi, kasisi. Rozari humtambulisha mtu aliyezoea kuomba. Aliyekuwa nayo alitoka nyumbani kwake akiwa nayo mfukoni au shingoni, na hapana shaka kwamba katika saa yake ya mwisho aliishika. Aliomba, lakini hakuepushwa na kifo. Akalala katika udongo ule miaka 48, bila jina wala msalaba, ilhali nyumbani mkewe na watoto wake wakimngoja.

Je, mtu yule alitumaini bure? Swali hili si la Warundi peke yao. Huulizwa na mama aliyekesha akimwombea mwanawe mgonjwa, na kulipopambazuka mtoto akakata roho. Huulizwa na mume aliyefukuzwa kazi bila kosa, na mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Kila mmoja wao amefundishwa tangu utoto kwamba Mungu huwasikia wamwitao. Dhiki inapofika na mbingu ikanyamaza, afanye nini na mafundisho hayo? Pengine hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo swali hili limeulizwa kwa uchungu zaidi kuliko katika vilima vilivyo kati ya Gitega na Muyinga. Yafaa basi kutazama jinsi watu wa huko walivyolijibu, si kwa maneno tu, bali kwa mwenendo wao.

MAJINA YALIYO SALA

Mgeni afikaye Burundi hukutana na jina la Mungu kabla hajaingia kanisani. Hulisikia katika majina ya watu. Kwa desturi ya Warundi, watoto wa nyumba moja si lazima washiriki jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake, na aghalabu jina hilo hueleza hali ya nyumba siku alipozaliwa, au yaliyokuwa moyoni mwa wazazi wake.

Hivyo yuko Manirakiza, yaani Mungu ndiye aponyaye. Yuko Habonimana, Mungu ndiye aonaye. Yuko Harerimana, Mungu ndiye aleaye, na Nsengiyumva, namwomba yule asikiaye. Ndayishimiye ni shukrani, na Kwizera maana yake ni kutumaini. Jina la Imana, ambalo Warundi walimwitia Muumba tangu zamani za wafalme wao, ndilo Wakristo wa leo wanalolitumia katika sala na nyimbo zao.

Lakini si majina yote yaliyo matamu. Yuko pia Nzikobanyanka, maana yake, najua kwamba wananichukia. Mzazi aliyempa mwanawe jina hilo hakuficha hofu yake. Alitazama majirani, akaona nyuso zimegeuka, akamtaja mtoto kwa jambo lile lililomnyima usingizi. Katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba moja, Habonimana na Nzikobanyanka hula chungu kimoja. Mmoja anakumbusha kwamba Mungu anaona, na mwingine kwamba jirani anachukia. Maisha ya imani katika nchi ile yamekuwa kati ya majina hayo mawili, na majina yote mawili yamesema kweli.

MSIBA ULIOKOSA MATANGA

Gitega ni mji ulio juu ya vilima, katikati ya nchi. Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwaka 1912, na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kwa Wakatoliki ni makao ya askofu mkuu, na katika viunga vya jimbo hilo ndipo ilipo Mugera, misheni iliyoanzishwa mwaka 1899, ambako waumini huhiji kila tarehe 15 Agosti. Wengi huenda kwa miguu, vyakula vyao vichwani na watoto mgongoni.

Mwaka 1972 mji huu ulipatwa na giza. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini mwa nchi na watu wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo iliujibu uasi ule kwa kuwasaka Wahutu, hasa waliosoma, katika nchi nzima. Walimu walichukuliwa madarasani, makarani ofisini, na wanafunzi katika mabweni yao. Idadi ya waliokufa haijulikani kwa hakika. Makadirio huanzia watu 100,000 na kufikia 300,000.

Miongoni mwao alikuwamo Padre Michel Kayoya, kasisi, mwalimu na mshairi, ambaye alizaliwa mwaka 1934. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa vitabu vilivyosomwa ndani na nje ya Burundi, akitafuta namna ambavyo Mwafrika angeweza kuyapokea mambo mapya bila kuudharau utu aliorithi kwa baba zake. Alikamatwa, na Mei 1972 akauawa huko Gitega pamoja na wengine wengi, mwili wake ukatiwa katika kaburi la halaiki karibu na Ruvubu. Wanaosimulia habari zake husema kwamba alikwenda kufa akiimba. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilianza rasmi uchunguzi wa kutaka atambuliwe kuwa shahidi wa imani, pamoja na wengine waliouawa nchini humo kwa sababu ya kuushika udugu.

Waliobaki nyumbani walikuwa na mzigo wa namna nyingine. Kwa desturi ya Warundi msiba una hatua zake. Baada ya maziko jamaa hukusanyika, na baada ya muda huja siku ya kuganduka, ambapo ndugu na majirani huketi pamoja, kinywaji huletwa, na wafiwa huruhusiwa kuvua huzuni na kurudi katika kazi zao. Mwaka 1972 hapakuwa na maiti wa kuzika, wala ruhusa ya kulia hadharani. Aliyelia alihesabiwa kuwa anamlilia adui wa nchi. Basi wake za waliochukuliwa walilima, wakapika na kuwapeleka watoto kubatizwa, wakiwa wameubeba msiba usiokwisha. Kanisani, katika giza la misa ya alfajiri, ndipo mahali pekee ambapo machozi yao yangeweza kudhaniwa kuwa ni ya ibada.

Hapo twaweza kujifunza jambo la kwanza kuhusu kutumaini. Watu wengi hudhani kwamba mwenye imani hana budi kunyamaza na kutabasamu. Biblia haifundishi hivyo. Ayubu alilalamika mbele ya Mungu kwa maneno makali mno, na mwishoni ni yeye aliyesifiwa, si rafiki zake waliojifanya mawakili wa Mungu. Sehemu kubwa ya Zaburi ni kilio. Yesu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee. Mtu amliliaye Mungu bado anaamini kwamba yuko wa kumsikia. Aliyekata tamaa kabisa halalamiki tena.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Baada ya mwaka 1976 ilikuja dhiki nyingine, isiyomwaga damu kama ile ya kwanza. Utawala wa Kanali Jean-Baptiste Bagaza uligombana na Kanisa. Mamia ya wamisionari walifukuzwa nchini. Ibada za siku za kazi ziliwekewa mipaka, zisifanywe kabla ya jioni. Mwaka 1986 seminari ndogo zilitwaliwa na serikali, na vituo vya parokia vilivyoitwa Yaga Mukama, yaani Sema Bwana, vikafungwa. Katika vituo hivyo watoto waliokosa nafasi shuleni walikuwa wakijifunza kusoma na kuandika pamoja na katekisimu. Mikutano ya jumuiya ndogo za Kikristo, iliyojulikana kwa jina la sahwanya, nayo ilipigwa marufuku.

Kwa mama wa kijijini katika jimbo la Gitega au jimbo la Muyinga, ambalo liliundwa mwaka 1968, amri hizo hazikuwa siasa za mbali. Zilimaanisha kwamba mwanawe hatajua kusoma. Zilimaanisha kwamba majirani waliozoea kukutana ili kumwombea mgonjwa na kuchanga unga wa mfiwa, sasa wangeonekana kuwa wanafanya njama.

Sala basi ilirudi mezani na kando ya moto wa jikoni. Baba au mama aliyejua katekisimu kwa moyo akawa ndiye katekista wa nyumba yake. Mwezi Septemba 1987 utawala ule ulipinduliwa, vizuizi vikaondolewa, na waliofungwa kwa ajili ya dini wakaachiliwa. Milango ya makanisa ilipofunguliwa, watu walikuwa wangalipo. Imani iliyokuwa ikitegemea kengele na mahubiri ya padre peke yake isingeweza kuvuka miaka ile. Iliyovuka ni ile iliyokuwa na makao nyumbani.

USIKU WA KIBIMBA

Dhiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuiongoza nchi, aliuawa na wanajeshi baada ya miezi mitatu tu madarakani. Habari zilipoenea, Watutsi wengi waliuawa vilimani na majirani zao, na jeshi nalo likawaua Wahutu wengi kwa kulipiza kisasi. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 walipoteza maisha yao.

Kibimba ni mahali katika eneo la Gitega, kwenye barabara iendayo Bujumbura. Mwaka 1934 wamisionari wa Kiquaker kutoka Marekani walianzisha hapo misheni, na kwa miaka mingi palifundishwa kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuua, hata vitani. Hata hivyo ni hapo hapo, siku ile ya Oktoba, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari walipokamatwa pamoja na watu wengine, wakafungiwa katika jengo la kituo cha petroli, na kuchomwa moto. Waliokufa walizidi 70.

Kijana mmoja, mwanariadha aitwaye Gilbert Tuhabonye, alikaa saa nyingi chini ya miili ya wenzake iliyokuwa ikiungua, kisha akavunja dirisha na kukimbia gizani akiwa na majeraha ya moto. Baadaye alikwenda Marekani, akarudia mbio, akaandika kitabu cha maisha yake, na kuanzisha shirika linalopeleka maji safi katika vijiji vya Burundi, vya Wahutu na Watutsi bila kubagua. Amesema mara nyingi kwamba usiku ule alimsikia Mungu akimwambia hatakufa, na kwamba kusamehe kulimchukua muda mrefu.

Ushuhuda wake ni wa thamani. Lakini wenzake zaidi ya 70 hawakutoka dirishani, na miongoni mwao walikuwamo walioomba kwa imani ileile. Kwa hiyo kuokoka si kipimo cha imani, wala kufa si dalili ya kukosa imani. Anayefundisha kwamba mwenye imani ya kutosha hatapatwa na baya, huwaongezea wafiwa wa Kibimba jeraha juu ya jeraha.

Mwaka 1994, majivu yakiwa hayajasahaulika, baadhi ya wakazi wa Kibimba wa makabila yote mawili, Waquaker wakiwa mbele, waliunda kamati ya amani. Watutsi walikuwa wamekimbilia kambini chini ya ulinzi wa askari, na Wahutu wamebaki vilimani. Hakuna aliyethubutu kuvuka upande wa pili. Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa ndogo kuitaja na ngumu kuitenda: kuwafanya watu hao wasemezane tena. Wale waliovuka barabara kwenda kusalimia upande wa pili walitukanwa na watu wao wenyewe, wakiitwa wasaliti.

Katika mji wa Gitega wenyewe, Askofu Mkuu Joachim Ruhuna aliendelea kulaani mauaji, yawe yametoka upande wowote. Tarehe 20 Julai 1996 wakimbizi wa ndani zaidi ya 300, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kambi ya Bugendana iliyo katika jimbo lake. Wiki chache baadaye, tarehe 9 Septemba 1996, gari la askofu lilishambuliwa njiani karibu na Gitega, naye akauawa. Alijua vizuri kwamba barabara zile zilikuwa za hatari, lakini hakuacha kuzipita, kwa kuwa ndiko walikokuwa watu wake.

JEMBE NA SALA HUKO MUYINGA

Anayetoka Gitega kwenda Muyinga huifuata njia ya Karusi, na huvuka Ruvubu. Mto huu hutoka katika nyanda za juu za kaskazini, hupita karibu na Gitega, kisha hugeuka kuelekea kaskazini-mashariki na kupita katika hifadhi ya wanyama inayochukua jina lake, ambayo sehemu yake imo Muyinga. Hatimaye huingia Tanzania na kujiunga na Kagera, na maji yake huishia katika Ziwa Viktoria na mto Nile. Mto uleule uliolinda siri ya makaburi ya 1972 ndio unywesha ng'ombe na mashamba ya nchi ya mashariki.

Muyinga iko mpakani. Kutoka Kobero mtu huvuka akaingia Kabanga, katika wilaya ya Ngara. Ni mji ambamo Kiswahili husikika sokoni pamoja na Kirundi, na ambamo msikiti na kanisa vimezoeana kwa miaka mingi. Kwa sababu ya mpaka huo, Muyinga imekuwa mlango wa wanaokimbia na mlango wa wanaorudi. Baada ya Oktoba 1993 watu kwa maelfu walipita hapo na mikeka yao, wakaenda kukaa katika kambi za Ngara kama vile Lukole. Huko walijenga makanisa ya miti na turubai kabla hawajamaliza kujenga vibanda vyao vya kulala. Kuanzia mwaka 2002, misafara ya malori ilianza kuwarudisha kupitia Kobero.

Aliyerudi hakukuta wimbo wa furaha tu. Wengine walikuta shamba linalimwa na mtu mwingine, naye ana watoto na hana pengine pa kwenda. Migogoro hiyo ilikuwa mingi hata mwaka 2006 serikali ikaunda tume ya taifa ya kushughulikia ardhi na mali nyinginezo. Juu ya hayo ikaja njaa. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ukame uliikumba Kirundo na Muyinga, na ugonjwa wa batobato ukaharibu mihogo, chakula ambacho maskini hukitegemea pale mahindi na maharage yanaposhindwa.

Katika hali hiyo, kumtumaini Mungu kulikuwa na sura gani? Hakukuwa kukaa mlangoni na kungoja mana. Mkulima wa Muyinga aliyekuwa na debe moja la maharage alipaswa kuamua kama watoto wake wayale yote, au nusu yake iwekwe kwa mbegu. Kuweka mbegu kando wakati watoto wana njaa ni tendo la tumaini lililo gumu kuliko sala ndefu. Vivyo hivyo kung'oa mihogo iliyougua na kupanda vipando vya aina inayostahimili ugonjwa, huku mvua haijulikani itakuja lini. Nabii Habakuki alisema kwamba ataendelea kumfurahia Mungu hata kama mashamba yasipotoa chakula. Mkulima anaweza kusema hivyo pia, lakini yampasa kuyasema akiwa na jembe mkononi.

Wala mkulima huyo hakuwa peke yake. Warundi wana desturi ya kusaidiana shambani iitwayo ikibiri, ambayo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Mjane asiyekuwa na nguvu hupata shamba lake limelimwa kabla ya mvua. Pale desturi hii ilipofufuliwa kati ya waliorudi na waliobaki, neno Harerimana, kwamba Mungu ndiye aleaye, lilipata mikono ya watu. Mara nyingi Mungu anayeombwa usiku hujibu asubuhi kwa mlango wa jirani.

SWALI LISILOKWEPEKA

Hata hivyo halifai kufichwa jambo moja. Nchi hii ya majina matakatifu, ambayo idadi kubwa ya watu wake ni Wakristo, ndiyo iliyochinjana. Wauaji wengi walibatizwa kwa maji yaleyale yaliyowabatiza waliouawa. Mwenye rozari alikuwa kaburini, na yamkini mwenye rozari nyingine alikuwa juu yake akishika koleo. Imani iliwafaa nini?

Jibu linalojitokeza katika habari hizi zote ni hili. Dhiki inapokuja, kila mtu hutafuta kimbilio. Hakuna asiyetumaini kitu. Wengi wa walioua hawakuua kwa chuki peke yake. Waliogopa, na katika hofu yao walikimbilia kabila, wakaamini kwamba kabila litawaokoa ikiwa wengine watatoweka. Midomo yao ilimtaja Imana, lakini tumaini lao lilikuwa limekwisha kuhamia pengine.

Kumtumaini Mungu wakati wa dhiki, basi, ni kukataa makimbilio mengine yote yanayodai damu au haki ya jirani kuwa malipo. Jambo hilo lilionekana waziwazi huko Buta, kusini mwa nchi, tarehe 30 Aprili 1997. Washambuliaji waliingia katika seminari ndogo na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa kuachana, na 40 kati yao wakauawa pamoja. Kila mmoja aliyekuwa wa kabila la washambuliaji alikuwa na njia ya kujiokoa. Hawakuitumia.

Aliyekufa mwaka 1972 na rozari yake hakuepushwa na kifo. Lakini waliotaka afe walitaka pia asahauliwe, na watoto wake wajifunze kuchukia au kuogopa siku zote. Kifo chake walikipata. Hayo mengine hayakuwa mikononi mwao. Yalibaki mikononi mwa mjane aliyemfundisha mwanawe kusali badala ya kumfundisha kulipiza, na ya wale waliovuka barabara ya Kibimba kwenda kusalimia.

KATIKA NYUMBA YA MKRISTO

Si kila nyumba itakayopatwa na mambo makubwa kama hayo. Dhiki za kawaida ni ugonjwa, ufukara, mtoto aliyepotea tabia, ndoa iliyoingia ubaridi. Lakini kanuni ni ileile, na mambo machache yaweza kuchukuliwa kutoka vilima vile na kutumiwa katika nyumba yoyote.

Kwanza, mwenye huzuni aachwe alie. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipoketi naye chini bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofumbua vinywa na kuanza kueleza sababu. Aendaye matangani asiharakishe kumwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Achukue ndoo akateke maji, achochee moto, apike uji wa watoto. Maneno yatapata wakati wake.

Pili, sala iwe na makao nyumbani kabla dhiki haijaja. Waliovuka miaka ya milango iliyofungwa ni wale waliozoea kusali pamoja wakati milango ilipokuwa wazi. Familia inayongoja mpaka mgonjwa azidiwe ndipo ianze kujifunza kuomba, itajikuta haina maneno.

Tatu, mwenye shida ajiulize kila jioni: hofu yangu inanisukuma kukimbilia wapi? Kwa mganga atakayemtaja jirani kuwa mchawi? Kwa rushwa? Kwa pombe? Kwa kumsingizia mwenzangu kazini? Hapo ndipo imani hujaribiwa, na aghalabu hujaribiwa kimyakimya, bila mashahidi.

Nne, yeyote aliye na nafuu leo akumbuke kwamba yeye ni jibu la sala ya mtu mwingine. Mwenye maharage ya ziada, mwenye nafasi katika gari lake, mwenye saa moja ya kumwandikia jirani asiyejua kusoma barua ya madai, huyo ana zamu yake katika ikibiri.

Mabaki yaliyofukuliwa kando ya Ruvubu hayakuweza kusema yalikuwa ya nani. Miwani iliyovunjika, kipande cha nguo na chembe za rozari vilisema kwa niaba yao. Wako watu waliokuwa watoto wadogo mwaka 1972, ambao sasa ni wazee wenye wajukuu, waliofika kutazama kama wangetambua chochote cha baba zao. Wengi wao hawakutambua kitu. Walisimama kitambo, wakafanya ishara ya msalaba, kisha wakarudi vilimani kwao, kwa kuwa ilikuwa majira ya mvua na palizi ilikuwa inawangoja.